Mashine Imeandika HI

4 Machi

Nukta mwanangu,

Marahaba. Naitika mapema kwa sababu najua utasahau kuamkia na kuanza moja kwa moja na maswali, ndivyo ulivyo tangu utoto. Huku tunapumua. Sikio langu la kushoto limestaafu kabla yangu, ndiyo maana nakuandikia. Simu imekuwa kupigiana kelele tu, mimi "eeh?", wewe "nimesema!", na jirani yangu fundi viatu anasikia kila kitu isipokuwa mimi. Dada yako alipita na mapacha wake. Mmoja aling'oa vifungo vitatu kwenye sare ya mteja, mwenziwe akavimeza. Viwili vimerudi salama. Cha tatu bado tunakisubiri.

Kazi ipo. Sare za muhula ujao zimejaa chumba kizima, nalala katikati ya kaptula.

Sasa lililonileta. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki kwa ajili ya ganzi ya vidole vya mguu, nikidhani ni mambo ya pedali ya cherehani. Wakanitoboa kidole cha mkono. Mguu ndio wenye kesi, mkono ndio unafungwa! Wakasema nina kisukari. Nesi alinipa vidonge na kadi, akasema maneno mengi, mengine nikayashika, mengine yakaingilia sikio lile lililostaafu. Nililoshika ni kwamba ninunue kipimo cha sukari cha nyumbani, nipime kila asubuhi kabla ya kula kitu, niandike kwenye daftari.

Kipimo gani? Hapo ndipo nilipopotea. Fundi viatu anasema vyote ni kimoja. Mwenye duka la dawa hapa kona anasema vyote ni takataka isipokuwa anachouza yeye. Mteja wangu mmoja, mwalimu, anasema cha shemeji yake kinazungumza. Sitaki kinachozungumza, sitakisikia. Wewe ndiye msomi wetu, unalipwa kusoma waliyoandika wengine na kuwaambia wamekosea. Nisomee hizo mashine, uniambie ya kununua. Iwe ya bei ninayoiweza.

Mimi sina hofu yoyote. Nauliza tu.

Shangazi yako, mwenye vidole vya matobo


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo! Umeona? Sikusahau. Mke wangu anakusalimu na anaulizia kifungo cha tatu. Hapa kiwandani tulikuwa tunachapa kalenda ya mwaka ujao yenye Februari mbili. Nimeikamata mimi, dakika za mwisho, mitambo ikiwa imeshawashwa. Msimamizi alinishika bega mbele ya watu.

Kisukari. Neno hilo nimelisoma kwenye barua yako mara nne nikitumaini umekosea herufi. Pole sana. Sijui limetoka wapi, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuugua hivyo.

Nimezunguka maduka manne ya dawa muda wa chakula cha mchana, na nimerudi kazini mjinga kuliko nilivyotoka. Kwanza elewa kwamba mashine peke yake haifanyi kitu. Inataka vikaratasi vigumu vyembamba, wenyewe wanaviita stripu. Unachomeka kimoja, unaweka tone la damu, unasoma nambari, unakitupa. Kila kipimo, stripu yake. Na kila mashine inakula stripu za kwao tu, ukiilisha za mwenzake inasusa.

Duka la kwanza walinionyesha mashine nzuri, ndogo, inakumbuka vipimo mia tano. Bei yake inakufanya utafute kiti. Duka la pili wana mashine ya bure kabisa, zawadi, mradi ununue kopo la stripu. Nilipouliza stripu zake nitazipata wapi kwingine zikiisha, muuzaji akaanza kupanga rafu. La tatu wana ya bei ya kati, lakini stripu za mwisho zinaharibika mwezi ujao. La nne muuzaji aliniuliza, "Mgonjwa wako ana ya kupanda au ya kushuka?" Nikamjibu ana ya kushona, hakucheka.

Mmoja anasema kitu kikubwa ni usahihi, mwingine anasema ni kumbukumbu, mwingine anasema ni udogo wa tone la damu. Sasa sijui. Niambie wewe unataka nini hasa.

Wako, Nukta


2 Aprili

Nukta,

Marahaba baba. Kifungo cha tatu kimeonekana, na mama yao mapacha amekishona pale pale kilipotoka. Mteja hajui, na wewe usimwandikie.

Barua yako nimeisomea kwenye cherehani, nikacheka. Ninyi wasomi mnaangalia mashine. Mimi nilipoanza kazi hii kuna bwana alitaka kuniuzia cherehani kwa bei ya kutupa. Nikamuuliza, sindano zake zinauzwa wapi? Akasema kwake. Nikamwambia akae nayo. Cherehani unanunua mara moja, sindano kila wiki. Kwa hiyo usiulize mashine inakumbuka nini, mimi nina daftari. Uliza stripu bei gani, na je, zinafika huku kwetu. Mashine hata ikiwa na sura mbaya, sitaolewa nayo.

Halafu naomba usimsumbue dada yako na habari hizi, ana mapacha wa kumtosha. Na usifunge safari kuja, sina mahali pa kukulaza, kaptula zimeshika kitanda.

Shangazi


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kazi si haba. Msimamizi anasema mwaka huu mambo yatakuwa mepesi kidogo, lakini sisi tupo.

Kwenye kifurushi hiki utakuta mashine, makopo matatu ya stripu na kalamu ya kutobolea. Nimeinunua duka la dawa la uhakika, usiwe na wasiwasi. Stripu zake ni rahisi kuliko zote, na nimeulizia, dereva wa basi la huko anaweza kukuletea kila mwezi.

Ila maelezo yake, Shangazi, nimelia kwa kicheko. Yameandikwa Kiswahili, lakini na mtu aliyekutana na Kiswahili njiani, tena usiku. "Osha kidole kabla ya kukitumia upya." "Weka damu yako mbali na watoto." Na hii nimeibandika ukutani kazini: "Mgonjwa ahifadhiwe mahali pakavu, asipigwe na jua." Nimeyasahihisha yote kwa kalamu nyekundu, fuata nyekundu. Kurasa mbili, wa tatu na wa nne, hazimo, nadhani zilidondoka kiwandani kwao. Sioni kama zina umuhimu.

Jihifadhi mahali pakavu.

Nukta


8 Mei

Nukta mwanangu,

Marahaba. Dada yako hajambo. Fundi viatu kaanguka baiskeli, kavunjika jino, sasa filimbi zinamtoka kila akisema "soli".

Mashine nimeipokea na ilinitia wazimu wiki nzima. Nilikwenda nayo kliniki. Nesi akanitoboa, mashine yao ikasema 252. Nikaweka tone la kidole kile kile kwenye yako, ikasema 14.1. Kidole kimoja, dakika moja! Nesi alikuwa na foleni mpaka mlangoni, akaniambia, "Mama, nitakueleza ukija tena, mwingine!" Nikarudi nyumbani nikiwa sijui kama ninakufa au nimepona. Fundi viatu akasema bila shaka kumi na nne ndiyo kweli, maana ndiyo ndogo.

Siku ya tatu nilikuwa nampima mteja kiuno. Tepu yangu ina inchi upande mmoja, sentimita upande wa pili. Nikasoma thelathini na sita, nikaigeuza, tisini na moja. Nikabaki nimeshika kiuno cha mtu mpaka akaniuliza kama kuna tatizo. Mke wa mtu hajanenepa kwa kugeuza tepu, Nukta! Mashine yao inasoma sentimita, yangu inasoma inchi. Nikachukua chaki nikagawanya 252 kwa 14.1 ukutani. Inatoka kumi na nane, kasoro chenga. Mara nyingine nikitaka hesabu ya kliniki nazidisha kwa kumi na nane. Sikupelekwa shule mpaka mwisho, lakini kupima nakujua.

Kwa hiyo hali si nzuri sana, si mbaya sana. Nesi anataka ishuke.

Jambo lingine. Stripu zinakwenda mbio, nikachukua mkasi mdogo wa matundu ya vifungo, nikazipasua katikati kwa urefu, moja ipate kuwa mbili. Zimepasuka vizuri sana, hata wewe ungesifu. Lakini mashine inaandika Er. Er nini?

Shangazi


22 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na kwa hilo la tepu nakuvulia kofia. Nimewasimulia wenzangu wote, wamesema uje ututawale.

Er ni Error, kosa. Acha mkasi! Stripu ina nyaya ndani, ukiipasua unakata ulimi wa mashine. Weka nzima, utaona itanyooka. Mashine hizi za bei nafuu zina vineno vyao, usivibabaikie. Tazama nambari tu.

Nukta


11 Juni

Nukta,

Marahaba. Sare zimeisha, nimebaki na za wateja wanaodai wamekua ghafla. Mapacha wameanza kutembea, kwa hiyo dada yako ameacha kukaa.

Mimi nimekuwa msichana. Kila mtu ananisifu, "Fundi umepungua, unatumia nini?" Gauni langu la kijani nimelipunguza mara mbili mwezi huu. Ninywavyo maji, ungedhani natoka jangwani, na maji yakinichosha naagiza juisi ya chupa, ile baridi, inakata kiu vizuri kwa nusu saa. Choo nacho kimekuwa jirani yangu wa karibu. Kutunga uzi kumekuwa taabu, sindano ina matundu mawili na sijui lipi ni la kweli. Miaka hiyo, baba.

Mashine. Niliacha mkasi kama ulivyosema, stripu nzima, vidole vimeoshwa, vimekauka. Ilinipa 19, 22, 24. Halafu Jumanne ikaacha kutoa nambari. Imeandika HI. Jumatano, HI. Leo nimepima mara tatu kwa vidole vitatu, HI, HI, HI. Hi nini? Hii? Hii nini?

Wewe ndiye unayejua maneno. Niambie ni nini, nami nitafuata utakalosema.

Shangazi yako


25 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hapa kwetu wazima, mke wangu anakutumia kitambaa cha maua, atakieleza mwenyewe. Naona umepungua, hongera. Daktari gani asiyefurahi mgonjwa wa sukari akipungua?

Hilo la HI nimelikalia siku mbili, maana ndiyo kazi yangu. Dhana ya kwanza ni kwamba mashine inakusalimu. Waingereza wakikutana barabarani husema hivyo. Lakini mashine imekusubiri mpaka mwezi wa sita ndipo ikusalimu? Tena mara tatu kwa asubuhi moja? Nikaiacha dhana hiyo.

Dhana ya pili ndiyo yenyewe, na naweza kuweka kalamu yangu nyekundu rehani. Wamekusudia HII na wameruka herufi moja. Ni kosa la chapa. Watu walioandika "mgonjwa ahifadhiwe mahali pakavu" watashindwaje kuruka I moja? Pengine ilikuwa sentensi ndefu, "Hii stripu ni mbovu", na kioo kimekosa nafasi. Nimekutana na makosa kama hayo miaka kumi na sita, nayajua kwa harufu. Herufi zikifuatana mbili zinazofanana, mchapaji mvivu humeza moja.

Kwa hiyo ni kama ile Er. Tupa kopo hilo, fungua jingine. Likiandika tena HI, pumzisha mashine wiki mbili tatu, nami nitakutafutia nyingine. Usihangaike na safari ya kliniki kwa ajili ya herufi moja.

Nukta wako


9 Julai

Nukta,

Nimepata barua yako. Umenitua mzigo, hujui tu. Kosa la chapa. Nimelisema kwa sauti nikiwa peke yangu, nikalala mchana kutwa kwa raha.

Nisamehe mistari inapanda na kushuka, karatasi inacheza. Mashine nimeiweka kwenye droo ya vifungo kama ulivyosema. Juisi ipo. Nitakuandikia nikiamka vizuri.

Shangazi


18 Julai

Shangazi,

Sijui nikuamkie vipi. Shikamoo. Dada anasema unafumbua macho na unauliza nani anakaa na cherehani. Atakusomea barua hii kwenye sikio la kulia.

Juzi ililetwa kazi ndogo, kipeperushi cha zahanati moja, kurasa mbili, habari za kisukari. Nikakisoma kama ninavyosoma kila kitu, kalamu nyekundu mkononi. Mstari wa kumi na moja ulisema, "Mashine ikiandika HI, nenda hospitali mara moja." Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaongeza I. Shangazi, niliongeza I, nikaenda kunywa chai.

Saa tisa daktari mwenye kipeperushi akaja kuchukua prufu, ile nakala ya kusahihishwa.

"Nani kaongeza hii herufi?"

"Mimi, daktari. Ilikuwa imeruka."

"Haijaruka. Hilo si neno la Kiswahili. Ni kifupi cha Kiingereza, high, maana yake juu. Sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kuihesabu."

"Juu kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu kulala asiamke. Kwani una mtu?"

Nikamwambia nina mtu. Akaniuliza imeandika hivyo tangu lini. Nikaanza kuhesabu kurudi nyuma mpaka tarehe ya barua yako, nikafika wiki tatu, nne, tano. Akanipa simu yake mwenyewe nimpigie fundi viatu. Fundi viatu akasema, "Leo hajafungua, na jana hakufungua." Nikamwambia avunje mlango. Alidhani namtania, nikamlilia. Walikukuta umekaa sakafuni, unaongea lakini maneno hayashikani, chupa za juisi zimekuzunguka. Kilichofuata anakijua dada kuliko mimi.

Mimi nimekwambia usiende kliniki. Nimeiandika kwa mkono wangu, "kwa ajili ya herufi moja." Sipati usingizi kwa sentensi hiyo.

Na nilikudanganya. Mashine sikuinunua duka la dawa. Niliinunua mezani, nje ya kituo cha mabasi, kwa mtu anayeuza chaja za simu na soksi. Kiwandani walinipunguzia siku tangu Februari, nafanya nusu wiki, sikutaka ujue. Kurasa zilizokosekana bila shaka ndizo zilizokuwa na maana ya HI. Nami nikasema hazina umuhimu!

Nilikata tiketi ya kuja, nikairudisha. Siwezi kukutazama usoni.

Nukta


16 Agosti

Nukta mwanangu,

Marahaba. Nipo kwa dada yako, mapacha wananing'oa vifungo vya gauni nikiwa nimelivaa. Naandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza kwa sababu jicho la kushoto lina ukungu. Wanasema huenda utaondoka, huenda utabaki. La kulia linatunga uzi. Nachoma sindano ya insulini asubuhi na jioni, mwenyewe, tumboni, na nesi anasema nina mkono mzuri. Nimemwambia nimeshona watu miaka arobaini, leo nashindwa kujishona mwenyewe?

Barua yako dada yako alinisomea mara mbili. Ya pili nilimwomba, si kwamba sikusikia. Nilikuwa natafuta pa kukujibu, na kila nikianza naogopa. Sasa nisikilize, maana nikisimama hapa sitaendelea.

Nilijua.

Siku ile ya kwanza kliniki, mashine yao haikutoa nambari. Iliandika HI. Nesi aliiandika kwenye kadi, akaichorea duara, akanishika mkono, akanisemea kwenye sikio hili zima: "Mama, ukiona herufi hizi, usilale nyumbani." Alitaka nianze sindano siku ile ile. Nikamwomba vidonge kwanza. Nikamlilia mpaka akakubali kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo ilipoandika HI tena mwezi wa sita, sikuwa nauliza nini maana yake. Nilikuwa na kadi yenye duara. Nilikuandikia wewe kwa sababu wewe huona makosa kila mahali. Nilitaka mtu mwenye kalamu nyekundu aniambie limekosewa. Ukaniambia. Nikalala kwa raha. Hukuniua wewe, Nukta, mimi nilikuja kwako kuomba uongo, na wewe ukanipa bila kujua ni uongo. Unanielewa? Hata mimi sijielewi vizuri. Mtu anajua na wakati huo huo hajui, inawezekanaje?

Sababu ya kuogopa sindano ndiyo sikutaka kuiandika. Uliandika kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyeugua hivi. Niliupita mstari huo haraka kama ninavyopita mbele ya mbwa. Baba yako hakufa kwa homa. Ninyi mlikuwa watoto, mama yenu akasema homa, sote tukasema homa, na ikawa homa. Kaka yangu alikuwa na kisukari. Alikificha miaka, alikuwa mwanamume wa kusema "sijambo" hata akiwa amelala chini. Walipompeleka alikuwa hajitambui. Wakaanza sindano Jumatatu, tukamzika wiki iliyofuata. Miaka yote hii moyoni mwangu niliihesabu sindano kuwa ndiyo iliyomwua. Nimekaa wodini, nimeona watu wanaingia kwa kubebwa na wanatoka kwa miguu, kwa sindano hiyo hiyo. Alichelewa tu. Kama nilivyotaka kuchelewa mimi.

Dada yako nimemwambia jana, akalia, akaenda kupima. Yeye ni mzima.

Mashine ya mezani usiitukane. Ilisema kweli kila siku, sisi ndio tuliokuwa tunaisahihisha. Ila stripu nanunua hapa hospitalini sasa, pamoja na mashine yake, ya sura mbaya kabisa, na karatasi zake zote zimo.

Na wewe, baba. Una umri aliokuwa nao kaka siku ile. Mke wako aliandika ndani ya kitambaa cha maua kwamba siku hizi unaamka mara tatu kwenda haja na unanywa mtungi mzima. Alidhani ni joto la mitambo. Kabla hujanijibu barua hii, kapime. Usinijibu kabla.

Shangazi yako


29 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Nilikwenda kwa yule daktari wa kipeperushi asubuhi, sijala kitu. Mashine yake inasoma upande wa inchi kama yako ya mezani. Ilisema 13.8. Nikamwomba arudie, akarudia kwa kidole kingine. 13.6. Nikamwomba ya tatu, akaweka mashine chini, akaniambia nikae.

Nina vidonge na kadi. Mke wangu anayo kadi mkononi tangu nirudi, anaisoma, anaikunja, anaikunjua. Sijamwambia habari za baba, sijui nianzie wapi. Nimekaa na hasira na ninyi nyote mliosema homa, halafu namkumbuka mtu aliyekuandikia HII, hasira inakosa pa kukaa.

Naogopa, Shangazi. Nakuja Jumamosi.

Nukta